Saratani ya thairoidi: kamera au kisu cha shingoni?

Siku hizi wagonjwa hufika kliniki yangu hapa Upper Hill, Nairobi, wakiwa wameshaamua: "Daktari, mimi shingo sikatwi. Nifanyie ile ya kamera." Nawaelewa. Shingo haifichiki.

Wanataka tuitoe thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo, kwa kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo. Tatizo ni kwamba wengi wakisikia matundu hudhani ni upasuaji mdogo. La hasha. Upasuaji wa wazi, ule aliouboresha Theodor Kocher wa Uswisi hadi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, hufuata njia fupi: mkato wa sentimita chache kwenye kunyanzi la ngozi, na tezi hii hapa. Kwa kamera tunaanzia mbali, kwapani, kifuani au ndani ya mdomo wa chini, tukichimba njia chini ya ngozi na kuipanua kwa gesi ya kaboni dioksidi. Ni kama kwenda Thika kupitia Naivasha. Muda wa nusukaputi huwa mrefu zaidi, na anayepitishiwa mdomoni anaweza kubaki na ganzi kidevuni kwa muda.

Huko ndani hatari ni zilezile. Nyuma ya tezi hupita neva ya sauti. Ikijeruhiwa, sauti hukwama. Pembeni ya tezi kuna vitezi vya parathairoidi, kwa kawaida vinne, vya milimita chache tu, vinavyodhibiti kalsiamu mwilini. Hivyo ndivyo vinavyoninyima usingizi, si kovu.

Saratani ya papilari, aina ya saratani ya thairoidi tunayoiona zaidi, ikiwa ndogo, haijatoka nje ya tezi wala kuingia kwenye mitoki, inaweza kuondolewa vizuri kwa kamera, mradi daktari ameizoea kazi hiyo. Uvimbe ukiwa mkubwa, ukishika koromeo, au mitoki ya pembeni ikiwa imeingiliwa, mimi hufungua shingo bila mjadala. Na wagonjwa wetu wengi huja wakiwa wamechelewa, uvimbe wameuita goita kwa miaka.

Kuhusu makovu yanayoota nyama, ambayo sisi Waafrika tunayapata sana: kifua na bega ndizo sehemu sugu zaidi. Ukikimbia mkato wa shingo ukakimbilia kifuani, huenda ukapata kovu baya kuliko ulilolikwepa. Mwenye historia hiyo, kama atafaa kwa kamera, namshauri njia ya mdomoni.

Vidonge vya homoni vya kila siku baada ya tezi yote kutolewa, na iodini ya mionzi, dawa ya kuua mabaki ya tezi na saratani, kwa wanaoihitaji, havibadiliki kwa sababu ulipasuliwa hivi au vile. Gharama hubadilika, kwa hiyo uliza bima yako mapema.

Na kwa njia yoyote ile, ukiwa nyumbani ukahisi midomo au ncha za vidole zinachomachoma, au misuli inakaza, usingoje tarehe ya kliniki. Kalsiamu huenda imeshuka. Rudi hospitali usiku huohuo.