Mwiba wa Karaba: Kuitazama Upya Filamu ya Kirikou Ukubwani

Katika hadithi nyingi za Afrika zinazosimulia zimwi linalomeza watu, hakuna mhusika anayesimama kuuliza kwa nini zimwi limekuwa zimwi. Lipo tu. Linameza kijiji kizima, anabaki mwanamke mmoja mjamzito, anazaliwa mtoto asiye wa kawaida, mtoto analipasua tumbo zimwi, waliomezwa wanatoka wakiwa wazima, na ngoma inachezwa. Mimi hufundisha fasihi simulizi, na muundo huu nimeufuatilia kwa miaka mingi, kuanzia Senkatana, shujaa wa ngano za Basotho, hadi mazimwi ya pwani yetu. Ndiyo maana niliporudi kuitazama filamu ya katuni niliyoipenda sana utotoni, Kirikou et la Sorcière ya Mfaransa Michel Ocelot, kilichonishika zaidi hakikuwa uzuri wa picha zake, bali swali moja linalorudiwarudiwa na mtoto mdogo aliye uchi, asiyefika hata magotini pa mama yake: kwa nini mchawi Karaba ni mbaya?

Utotoni swali hilo halikunifikia. Tuliitazama filamu hiyo Kigoma, katika kanda ya video iliyoletwa na mjomba aliyekuwa akifanya biashara Bujumbura, na maneno yake yote yalikuwa ya Kifaransa, lugha ambayo sisi watoto wa nyumba ile hatukuijua zaidi ya salamu. Tuliifuata kwa macho. Tuliona mtoto mdogo mwenye mbio, mwanamke wa kutisha aliyejipamba dhahabu, masanamu yanayotembea, maji yaliyokauka kisha yakabubujika, na mwishoni mwiba uking'olewa mgongoni. Mazungumzo marefu ya mtoto na babu yake tuliyachukulia kuwa mapumziko, na ndipo wengine walipoinuka kwenda kunywa maji. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimejifunza Kifaransa kwa ajili ya utafiti, ndipo nilipotambua kwamba filamu nzima, yenye urefu wa dakika 70 na kitu, imejengwa ili tufike kwenye mazungumzo hayo.

Kwa asiyeijua, kisa chenyewe ni hiki. Katika kijiji kimoja cha Afrika Magharibi, mtoto anasema akiwa bado tumboni, akimtaka mama yake amzae. Mama anamjibu kwamba mtoto anayeweza kusema tumboni anaweza pia kujizaa mwenyewe. Naye anajizaa, anakata kitovu chake, na kujitangaza kuwa jina lake ni Kirikou. Anauliza baba yake yuko wapi. Anaambiwa ameliwa na mchawi Karaba, na wajomba zake vilevile, isipokuwa mmoja ambaye yuko njiani kwenda kupigana naye. Kirikou anamfuata mjomba huyo, anajificha ndani ya kofia yake, na kumwokoa. Baadaye anawaokoa watoto wenzake walionaswa na mitego ya Karaba, kisha anaingia ndani ya chemchemi iliyokauka na kumkuta humo mnyama aliyevimba kwa kunywa maji yote ya kijiji, akamtoboa kwa chuma cha moto.

Mtoto anayezaliwa akisema na kutembea si uzushi wa Ocelot. Msomaji wa mashariki mwa Kongo atamkumbuka mara moja Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, shujaa wa utendi uliosimuliwa na Shekarisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Mwindo naye huzaliwa akitembea na kusema, na baba yake, mtemi aliyekuwa amekataza wake zake wasimzalie mtoto wa kiume, anajaribu kumwua kwa mkuki, kisha kwa kumzika akiwa hai, kisha kwa kumfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Kinachonivutia ni kwamba utendi huo hauishii kwa kisasi: Mwindo anamsaka baba yake hadi kuzimu, anamrudisha nyumbani, baba anakiri makosa yake mbele ya watu, na wanagawana utawala. Kwa hiyo wanaodai kwamba wazo la kumtibu adui badala ya kumwua ni la Kizungu, lililopachikwa juu ya hadithi ya Kiafrika, wanapaswa kwanza kumsikiliza Rureke.

Hata hivyo, katika jambo hili Ocelot aliibadilisha kweli hadithi aliyoikuta. Chanzo chake ni ngano iliyokusanywa na François-Victor Equilbecq, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ufaransa aliyekusanya ngano nyingi za Afrika Magharibi mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Ocelot alimpata mtoto anayesema tumboni, na humo pia mchawi huuawa. Mwanzo aliuchukua, mwisho akauacha.

Kabla hatujamsifu kupita kiasi, tukumbuke kwamba nasi tunayo hadithi inayoonyesha namna zimwi linavyotengenezwa. Katika kisa cha Sultani Majnuni, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozikusanya Unguja, Nunda mla watu alianza akiwa paka wa nyumbani. Alikula kuku, sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Akala mbuzi, sultani akajibu vilevile. Akaendelea hivyo hadi akawala wana wa sultani mwenyewe. Msikilizaji anaelewa vizuri kwamba Nunda ni zao la mtawala aliyekataa kusikia malalamiko ya watu wake. Ila hakuna mhusika anayelisema hilo mbele ya Nunda, wala hakuna anayefikiria dawa nyingine. Mtoto wa mwisho anaingia porini, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine akidhani ndiye, mpaka anampata mwenyewe na kumwua. Ujuzi wa chanzo umebaki kwa msimulizi na hadhira yake. Filamu ya Kirikou inauleta ndani ya kisa, mdomoni mwa mtoto anayewauliza wakubwa ana kwa ana.

Namna wakubwa wanavyomjibu inastahili kutazamwa kwa makini. Mjomba hana jibu. Mzee wa kijiji, anayejifanya kujua kila kitu, anachukizwa na kuulizwa. Mama peke yake ndiye asiyelipuuza swali, na ndiye anayemwelekeza mwanawe kwa babu yake, mzee mwenye hekima anayeishi nje ya kijiji, ng'ambo ya makazi ya Karaba, ndani ya kichuguu kikubwa chini ya mlima uliokatazwa. Ili kufika huko bila kuonekana na sanamu linalolinda juu ya paa la mchawi, Kirikou anachimba njia chini ya ardhi kwa kisu cha baba yake, akipambana na kicheche na kuwaokoa kindi, na baadaye kumkwepa ngiri. Sehemu hii ndiyo tuliyoipenda watoto. Ukubwani naiona ni ndefu kidogo, ingawa nakiri kwamba bila safari hiyo babu angepatikana kwa urahisi mno.

Babu anamweleza mambo mawili yanayogeuza kila tulichokwisha kukiona. La kwanza, Karaba hali watu. Wanaume wote waliopotea amewageuza kuwa masanamu yanayomtumikia, na hiyo habari ya kula watu ni uvumi ambao yeye mwenyewe anaufurahia kwa sababu unamwongezea hofu mbele ya wanakijiji. La pili, Karaba ni mbaya kwa sababu anaumwa usiku na mchana. Wanaume walimpiga mwiba wenye sumu katika uti wa mgongo, mahali ambapo mkono wake hauwezi kufika, na mwiba huo ndio unaompa nguvu za uchawi. Kirikou anauliza, kama angeuliza mtoto yeyote mwenye akili, mbona basi hautoi? Babu anajibu kwamba kutolewa kwake kungeleta maumivu yale yale ya siku ulipoingizwa, na Karaba hataki kuyapitia tena. Zaidi ya hayo, angepoteza nguvu zake.

Mtu mzima anayesikia maneno hayo, kundi la wanaume, mwanamke mmoja, kitu kinachoingizwa mwilini mwake kwa nguvu, maumivu ambayo hayaishi na ambayo mwenyewe anayaogopa kuliko kuendelea kuishi nayo, haongozwi na yeyote kuelewa kinachosemwa. Hapa sioni haja ya kuzungukazunguka: ni habari ya ubakaji, na ya mwanamke ambaye baada ya kutendewa hivyo amejenga ukuta wa hofu ili asimkaribie mwanamume yeyote ila yule aliyekwisha kugeuzwa sanamu. Ufundi wa filamu ni kwamba mtoto wa miaka sita anapata mwiba tu, na mwiba unamtosha kabisa. Hakuna anachofichwa kwa hila na hakuna anacholazimishwa kukijua kabla ya wakati wake. Wahenga walisema mdharau mwiba guu huota tende, na kijiji cha Kirikou ni kijiji kilichodharau mwiba ambao hakikutaka hata kujua kuwa upo.

Kwa hiyo nikiitazama leo namwona Karaba kwa namna nyingine tangu anapotokea mara ya kwanza. Hampi mtu mgongo. Anasimama wima isivyo kawaida, akigeuka mwili mzima anapotaka kutazama upande. Utotoni nilidhani ni maringo. Sauti yake, iliyotolewa na mwigizaji wa Senegal, Awa Sène Sarr, ina ukali ambao sasa nausikia kuwa ni wa mtu anayesema huku amebana meno. Makazi yake yamezungukwa na ardhi kavu ya rangi ya majivu, ilhali kijiji kina rangi ya udongo na msitu una majani makubwa yaliyochorwa moja moja kwa mtindo uliotokana na michoro ya Henri Rousseau. Mwiba unapotoka, maua yanaota pale pale, nasi tunatambua kwamba ukavu ule haukuwa wa nchi.

Muziki ni wa Youssou N'Dour, aliyetumia ala za jadi za Afrika Magharibi, na filamu ilirekodiwa kwa sauti za Waafrika wenye lafudhi yao, uamuzi ambao Ocelot aliushikilia sawasawa na alivyoshikilia kuwachora wanawake vifua wazi na watoto uchi. Aliishi Conakry, Guinea, akiwa mtoto, na alichora kama alivyoona. Uchi huo uliwasumbua wasambazaji wa Uingereza na Marekani, waliotaka wahusika wavishwe; yeye akakataa. Upande wangu naona alikuwa sahihi, na si kwa sababu ya uhalisia peke yake. Kirikou anapomwomba babu yake hirizi ya kumkinga na Karaba, babu anamnyima, akimweleza kwamba Karaba anajua kuzipiku hirizi zote, na kwamba nguvu ya Kirikou ni kuwa uchi na kutokuwa na hatia. Mtoto huyo akivishwa kaptula, jibu la babu linakosa maana. Jambo ninaloliona kuwa zito zaidi ni kwamba kijiji chenyewe hakina jina, hakina kabila wala lugha yake, kana kwamba Afrika Magharibi ni mahali pamoja. Mwindo ana Tubondo, kijiji cha baba yake, na ana mto na shangazi mwenye jina. Mama yake Kirikou anabaki kuwa mama tu hadi mwisho.

Mwisho wenyewe ndio unaonipa shida. Kirikou anaziiba dhahabu za Karaba na kuzifukia msituni ili kumtoa nje, na Karaba anapoinama kuzifukua, Kirikou anamrukia mgongoni na kuung'oa mwiba kwa meno. Ukelele wa Karaba wakati huo ni mahali pagumu kuliko pote katika filamu hii, na watoto ninaowaonyesha huziba masikio. Hadi hapo hakuna cha kulaumu. Lakini mara tu Karaba anapopona, Kirikou anamwomba akubali kuolewa naye. Mwanzoni anakataa, kisha anakubali kumbusu, na busu linamgeuza Kirikou kuwa mwanamume kamili. Mwanamke aliyeumizwa na wanaume anatoka katika maumivu yake na kuingia moja kwa moja katika ndoa, kabla hata jua halijatua. Wanakijiji wanataka kumwua, jambo ambalo angalau lina ukweli, kisha wanaume waliokuwa masanamu wanarudi wakipiga ngoma, baba yake Kirikou akiwa miongoni mwao, na kila mtu anampata wake.

Wale waliompiga mwiba hawatajwi tena. Ni nani, walitoka wapi, wako hai au wamekufa, filamu haisemi, na Kirikou, aliyeuliza kila kitu, hilo halifuatilii. Katika utendi wa Mwindo aliyekosa analetwa mbele ya baraza na kusema kosa lake kwa kinywa chake. Hapa msamaha unadaiwa kwa Karaba peke yake, kwa aliyoyatenda baada ya kuumizwa. Wanafunzi wangu wa kike hulitambua jambo hili haraka kuliko wa kiume, na mara nyingi mjadala wa darasani huishia kwenye wale wapiga ngoma: kuna anayejua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo siku ile?

Filamu hiyo ilitoka Ufaransa Desemba 1998, ikapata tuzo kuu ya filamu ndefu katika tamasha la filamu za katuni la Annecy mwaka 1999, na kupendwa kiasi cha kuzaa nyingine mbili, za mwaka 2005 na 2012. Hizo zina visa vifupi vifupi vinavyoturudisha wakati Karaba bado ni mchawi, kwa kuwa bila adui hakuna visa. Ni nzuri kwa watoto wadogo, na rangi zake zinapendeza, lakini humo Karaba anafanya vituko tu na mtoto anavikwepa, na lile swali halina nafasi. Mwenye mtoto wa miaka saba au minane aanze na ya 1998, na aketi naye wakati babu anaposema.