Je, wajua kwa nini biskuti humeguka mdomoni ilhali chapati ya unga uleule huvutika?

Chukua unga wa ngano kutoka mfuko mmoja, ugawe mafungu mawili. Fungu la kwanza likande kwa maji na chumvi, sukuma, kaanga: umepata chapati inayovutika kabla ya kukatika. Fungu la pili lichanganye na siagi na sukari, kisha oka: umepata biskuti inayomeguka mara tu meno yanapoigusa. Unga ni uleule. Wengi wakiulizwa tofauti imetoka wapi hutaja mayai, maziwa au beking pauda, na ndiyo maana mapishi mengi ya biskuti yamejaa vitu ambavyo biskuti haivihitaji. Unga, siagi na sukari vinatosha. Jambo linaloamua ni kipi kiliufikia unga kwanza, mafuta au maji.

Ndani ya unga wa ngano mna wanga mwingi, na protini kiasi cha asilimia 10 hivi. Protini mbili kubwa kati ya hizo, gliadini na glutenini, hazina shughuli yoyote unga ukiwa mkavu. Zikilowa maji na kukandwa hushikana na kuunda gluteni, wavu wa nyuzi unaovutika na kurudi. Unaweza kuiona kwa macho yako bila maabara. Kata donge la unga wa chapati uliokandwa vizuri, liache nusu saa, kisha lioshe ndani ya bakuli la maji huku ukilibonyezabonyeza kwa vidole. Maji yatageuka meupe kwa sababu wanga unatoka. Yamwage, weka mengine, endelea. Maji yakianza kubaki safi, mkononi utakuwa na kipande kidogo cha rangi kati ya kijivu na manjano, kinachonata. Kivute, kitarefuka, kiachie, kitajikunja. Hiyo ndiyo gluteni yenyewe. Mwanasayansi wa Bologna, Italia, Jacopo Bartolomeo Beccari, aliitenga kwa kuosha unga namna hiyohiyo, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745.

Sasa fanya jaribio hilo kwa donge la biskuti. Litasambaratika majini, vidole vitabaki na mafuta, na hutapata kipande chochote cha kuvuta.

Sababu ni kwamba siagi iliyochanganywa na unga mkavu huzifunika punje za unga. Maji na mafuta havichangamani, kwa hiyo protini iliyokwisha kufunikwa na mafuta hailowi vizuri, na isipolowa haiwezi kushikana na mwenzake. Nyuzi chache zinazofanikiwa kujiunda huwa fupi, na hukatika kwa urahisi. Sukari nayo inasaidia upande huohuo, kwa kuwa huvuta maji kuliko unga unavyoyavuta; kile kidogo kilichopo hukinyakua yenyewe. Wanga pia hupungukiwa. Katika uji au ugali punje za wanga hunywa maji, huvimba na kushikana. Katika biskuti ya siagi sehemu kubwa ya punje hizo haipati maji ya kuvimba, na ndiyo maana ulimi unakutana na utifutifu badala ya unato.

Vipimo vyenyewe ni rahisi kukumbuka: moja, mbili, tatu. Sukari gramu 100, siagi gramu 200, unga gramu 300. Kwa vikombe vya kupimia ni nusu kikombe cha sukari, kikombe kimoja cha siagi kisichojaa kabisa, na vikombe viwili na nusu vya unga. Uskoti wameoka biskuti za mtindo huu kwa karne nyingi na bado hazijapata mpinzani kwa urahisi wake. Chumvi kidogo ni ya hiari, ila mimi siwezi kuiacha; bila chumvi utamu wa siagi unapooza.

Angalia sasa maji yaliyomo humo. Unga wa chapati wa gramu 300 hunywa maji kiasi cha gramu 170 hadi 180. Biskuti zetu hatukuziwekea maji, lakini siagi yenyewe ina mafuta asilimia 80 hivi na maji kama asilimia 16. Katika gramu 200 za siagi mna gramu 32 hivi za maji, sawa na vijiko viwili vya chakula. Ndiyo maji yote ya kazi hiyo, na yanatosha kuushikanisha unga ili biskuti isiwe vumbi. Hapo ndipo wanapokosea wanaopasua yai kwa sababu tu mchanganyiko unaonekana mkavu. Yai moja la wastani bila ganda lina uzito wa gramu 50 hivi, na robo tatu yake ni maji. Ukiliongeza, maji yamezidi maradufu kwa mkupuo mmoja, na protini ya yai nayo itaganda kwenye moto na kuikaza biskuti. Zipo biskuti za mayai ambazo ni tamu sana, lakini hizo ni biskuti za aina nyingine, si hizi za kuyeyuka mdomoni.

Kwa hiyo mchanganyiko ukionekana kama chenga na haushikani, usikimbilie maziwa. Endelea kuubonyeza kwa viganja kwa dakika mbili tatu. Joto la mikono litalainisha siagi na chenga zitaanza kukusanyika zenyewe. Zikishikana, acha hapohapo. Kila unapozidi kukanda unaipa gluteni nafasi ya kujijenga, na biskuti iliyokandwa kama chapati itatoka ngumu hata kama vipimo vilikuwa sahihi.

Kuna njia mbili za kuanza, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni kusugua siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga wote uwe chenga, ndipo sukari iingie. Hii hutoa biskuti nzito kidogo, yenye kumeguka vizuri. Ya pili ni kuchapa siagi na sukari kwanza mpaka zibadilike rangi na kuwa nyeupe, kisha unga ukaingia mwishoni. Punje za sukari zinapopita ndani ya siagi huingiza hewa, na vipovu hivyo vidogo hutanuka jikoni na kuifanya biskuti iwe nyepesi. Hata ukitia beking pauda, gesi yake huingia zaidi katika vipovu vilivyokwisha kuwapo na kuvikuza. Ndiyo maana siagi isiyochapwa vya kutosha haiokolewi na kijiko cha pili cha beking pauda; utaambulia uchungu tu.

Sukari ya kawaida ya madukani kwetu ina punje kubwa. Vijiko viwili vya maji haviwezi kuiyeyusha yote, hivyo itabaki ikilia chini ya meno. Anayetaka biskuti laini aisage kwenye blenda au kinu kwanza. Na kama unga wako ni ule wenye nguvu, uliotengenezwa kwa ajili ya mkate, toa gramu 50 na ujazie kwa unga wa mchele au konflawa. Hivyo viwili havina gluteni kabisa.

Watu wa pwani wanayo biskuti yao inayoeleza somo hili vizuri kuliko yoyote: nankhatai. Inatajwa kuwa chimbuko lake ni Surat, Gujarat, na huku kwetu imekuwa kitu cha chai ya jioni na sinia la Idi, Mombasa hadi Unguja. Nankhatai hupikwa kwa samli, na samli karibu haina maji kabisa, maana yamekaushwa yote siagi ilipochemshwa. Matokeo yake wavu wa gluteni haupati pa kuanzia. Madonge madogo yanayobonyezwa kwa kidole gumba hutanuka kidogo jikoni, hupasuka juu, na ukiuma yanatawanyika. Mipasuko ile si kasoro. Inaonyesha kwamba hakuna nyuzi za kuuvuta unga na kuuzuia usichanike. Wapishi wengi huongeza iliki, na wengine huchanganya unga wa dengu kidogo, ambao nao hauna gluteni. Harufu ya samli pia hutangulia moto wa biskuti, kwa kuwa masazo ya maziwa yalikwisha kugeuka hudhurungi wakati wa kuipika samli yenyewe. Kwa maoni yangu hakuna siagi ya kopo inayoweza kuifikia. Majarini ya kupaka mkate ndiyo ya kuepuka hasa, kwani nyingi zina maji mengi kuliko siagi, na biskuti zake hutambaa kwenye trei na kuwa nyembamba.

Kutambaa huko kuna sababu nyingine ambayo sisi wa ukanda wa joto tunapaswa kuijua. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35 hivi. Jiko la Dar es Salaam mchana linakaribia hapo hata kabla ya kuwasha moto. Biskuti ikiingia kwenye oveni siagi ikiwa imeshalegea, itatiririka kabla unga haujakaza, na umbo lote litapotea. Kata biskuti zako, zipange kwenye trei, uziweke kwenye friji nusu saa, ndipo uoke. Asiye na friji achague asubuhi na mapema, au atumie samli na kutengeneza madonge mazito badala ya vipande vyembamba.

Kabla ya kuoka, watu huchoma biskuti kwa uma. Ile si nakshi tu. Maji yakigeuka mvuke hutafuta njia, na yasipoipata hunyanyua uso wa biskuti na kuacha malengelenge. Tazama biskuti za Marie, zilizotengenezwa mara ya kwanza London na kampuni ya Peek Freans mwaka 1874, kwa heshima ya ndoa ya binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna. Zina vitundu uso mzima. Biskuti za aina ile zina mafuta machache na unga wake hukandwa sana, kwa hiyo wavu wa gluteni upo na unaweza kuuzuia mvuke. Ndizo zinazovunjika kwa kulia kak, wakati hizi zetu humeguka kimya.

Moto wa oveni uwe nyuzi joto 160 hadi 170. Biskuti zenye unene wa sentimita moja huchukua kama dakika 20 hadi 25, nyembamba hupungua hapo. Rangi ya dhahabu inayoanzia pembeni hutokana na protini na sukari kukutana kwenye moto mkali, mageuko yaliyoelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mageuko hayo huenda kasi joto la uso wa biskuti likipita kama nyuzi 140, na ndiyo yanayozaa ile harufu inayojaza nyumba. Yakizidi yanaleta uchungu, kwa hiyo toa trei pembe zikiwa za dhahabu na katikati bado kweupe.

Asiye na oveni apalie. Weka mchanga mkavu au kokoto kwenye sufuria nzito, uupashe moto, tandaza juu yake sahani ya bati yenye biskuti, funika, kisha weka makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Chini chuma kinagusana na mchanga na bati, joto linapenya moja kwa moja. Juu linapitia hewa, linafika limepungua. Wanaopalia mkate wa kumimina wanalijua hili kwa mikono yao.

Ukizitoa zitakuwa laini, na hapo wengi hudhani hazijaiva, wakazirudisha zikaungua. Ulaini ule ni siagi iliyoyeyuka na sukari iliyolegea kwa joto. Ziache palepale kwenye trei dakika kumi bila kuzigusa. Zikipoa, siagi huganda na sukari hukaza, na ndipo biskuti hupata mwili wake. Ukiinyanyua moja ingali moto itakuvunjikia mkononi.

Zikishapoa kabisa, zifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa. Mkate ukikaa huwa mgumu, lakini biskuti ikikaa hulegea, na sababu ya kulegea huko ni maji. Biskuti imetoka jikoni ikiwa na maji asilimia chache tu, na sukari yake huvuta unyevu wa hewani. Kwa hewa ya Tanga au Zanzibar haichukui siku nyingi. Ukizifungia zingali na joto, mvuke wake utaganda chini ya mfuniko na kuzirudia. Zilizokwisha kulegea hazijaharibika: zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika tano, ziache zipoe, na zitakuwa kavu tena.