"Sikuiba, Nilikabidhiwa": Wizi wa Mwajiriwa Mbele ya Sheria ya Kenya

Malalamiko ya waajiri dhidi ya wafanyakazi wao yamezidi kutufikia katika ofisi za mashtaka, hasa kutoka kwa maduka, vyama vya akiba na biashara zinazopokea malipo kwa simu. Pamoja nayo yamekuja mabishano yasiyo na msingi. Mshtakiwa anajitetea kwamba hakuiba, pesa alikabidhiwa. Mwajiri naye anakataa shtaka la wizi na kudai la ubadhirifu, yaani kula mali uliyokabidhiwa, kwa kuwa anaamini ndilo zito zaidi. Wote wawili wanabishania tofauti ambayo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haina.

Tofauti hiyo ilizaliwa Uingereza. Zamani huko, mwizi alikuwa yule anayeitoa mali mikononi mwa mwenyewe. Mwaka 1799 karani wa benki aitwaye Bazeley alipokea pesa za mteja, akatia mfukoni noti ya pauni 100 kabla haijaingia kwenye droo. Majaji wakaona hilo si wizi, kwa sababu noti ile haikuwahi kufika mikononi mwa benki. Bunge likaziba pengo mwaka huohuo kwa kuunda kosa jingine, ndilo ubadhirifu, la mtumishi anayekula alichopokea kwa niaba ya bwana wake. Uingereza yenyewe iliunganisha makosa hayo kwa sheria ya mwaka 1968. Baadhi ya majimbo ya Marekani bado yanayatenganisha, na nadhani filamu za huko zimechangia sana kuwapotosha watu wetu.

Kifungu cha 268 cha sheria yetu kinajumuisha yote mawili. Mwizi ni anayechukua kitu kwa ulaghai bila kuwa na haki nacho, na vilevile ni anayekigeuza kwa ulaghai kiwe kwa manufaa ya mtu asiye mwenyewe. Mlinzi anayetoa magunia ya mbolea stoo usiku amechukua. Dereva aliyejaziwa dizeli ya safari akainyonya na kuiuza njiani amegeuza. Keshia anayemwambia mteja atume malipo kwenye simu yake badala ya nambari ya duka anaangukia palepale alipoangukia Bazeley: pesa haikufika kwa mwajiri hata dakika moja. Hapa kwetu hilo halimwokoi. Kifungu cha 281 kinahusu karani au mtumishi aliyeiba mali ya mwajiri wake, au mali iliyomfikia kwa ajili ya mwajiri huyo, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 7. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, ni hadi miaka 3. Mkurugenzi au ofisa wa kampuni anashtakiwa chini ya kifungu cha 282, wakala chini ya 283, mtumishi wa umma chini ya 280, na wote hawa wanakabiliwa na miaka 7. Kinachoongeza adhabu, kwa hiyo, ni uhusiano wa mtu na mwenye mali.

Kuhusu utetezi wa "ningezirudisha mwisho wa mwezi", naomba tuuache kabisa. Kifungu kilekile cha 268 kinasema kwamba kwa upande wa pesa, nia ya kuzitumia utakavyo inatosha kuwa ulaghai, hata kama ulikusudia kuzilipa baadaye. Kurudisha kunaweza kusaidia wakati wa kupunguziwa adhabu, hakulifuti kosa.

Njia ambayo mali ilimfikia mshtakiwa bado ina uzito, lakini ni kwa upande wa ushahidi. Aliyechukua hunaswa kwa kamera, kwa shahidi au kwa mali kupatikana kwake. Aliyegeuza hunaswa kwa karatasi: kitabu cha stakabadhi, taarifa za malipo ya simu, ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Mwajiri anayefika kituoni na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) pamoja na hasira tupu hajatusaidia. Lete barua ya ajira au hati za mshahara, kwa sababu ajira isipothibitishwa, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa wizi wa kawaida tu. Onyesha ni nani mwingine alikuwa na funguo au nywila. Pale pesa zilipotoka kidogo kidogo, kifungu cha 137 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaruhusu hati ya mashtaka itaje jumla yake na kipindi, bila tarehe ya kila tukio. Na kama vitabu vilichezewa, kuna shtaka la kughushi hesabu chini ya kifungu cha 330, miaka 7 pia.

Kwa mali ya umma, Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 inaingia pia. Kujipatia mali ya umma kwa ulaghai, kifungu cha 45, kunaadhibiwa chini ya kifungu cha 48 kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mshtakiwa akiwa amefaidika kwa kiasi kinachoweza kuhesabika, au kuna aliyepata hasara ya namna hiyo, huongezwa faini ya lazima ambayo ni maradufu ya kiasi hicho.

Upungufu wa pesa peke yake si wizi. Keshia aliyekosea kurudisha chenji hana ulaghai, na polisi si wakala wa kukusanya madeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa upungufu uliotokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu, lakini ni wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi waziwazi kupokea, kutunza na kulipa pesa, na jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara. Kumfukuza kazi kwa tuhuma za wizi kunawezekana chini ya kifungu cha 44, ila kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe sababu katika lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Waajiri wengi huruka hatua hii wakidhani kesi ya jinai inatosha, kisha hushangaa wanapoagizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kumlipa fidia mtu ambaye kesi yake ya wizi bado inaendelea.