Kigari cha mwavuli hupimwa kikiwa kimekunjwa

Kigari cha kwanza nilichomchagulia mtu kilikuwa cha dada yangu, na nilikosea. Wakati huo nilikuwa na miaka michache tu katika kazi hii ya kutengeneza baiskeli, viti vya magurudumu na vigari vya watoto hapa Mwanga, Kigoma, na nilidhani kwamba kilicho chepesi kuliko vyote ndicho bora kuliko vyote. Nikamletea kigari cha kilo 3 na nusu, kizuri, kinachokunjwa kama mwavuli, chenye magurudumu madogo ya plastiki yaliyopangwa mawili mawili kila pembe. Siku ya kwanza alishuka nacho hadi barabara ya lami bila taabu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, changarawe ikateremka na maji mpaka njiani, kokoto zikaanza kunasa katikati ya yale magurudumu pacha, na kabla juma halijaisha mtoto alikuwa mgongoni kwa mbeleko na kigari kilikuwa uvunguni mwa kitanda. Sikuweza kumlaumu. Kitenge hakinasi kokoto.

Tangu hapo, mteja akiniuliza, “Fundi, hiki kina kilo ngapi?” humjibu, lakini nami humuuliza atakibeba wapi na atakisukuma wapi. Kigari cha aina hii kina maisha mawili. Kikiwa kimefunguliwa hufanya kazi ambayo kigari chochote kikubwa huifanya vizuri zaidi. Kikiwa kimekunjwa hufanya kazi ambayo kigari kikubwa hakiwezi kabisa. Kwa hiyo anayekinunua analipia hasa ule wakati kimekunjwa, nao ndio wakati ambao wanunuzi wengi hawaupimi dukani. Wanakisukuma mara mbili kwenye sakafu ya vigae, wanaridhika, wanalipa.

Hata asili yake ni hiyo. Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza aliyeshiriki kusanifu miguu ya ndege ya kivita ya Spitfire, alimwona binti yake akihangaika na kigari kizito alipokuja kumtembelea kutoka ng’ambo akiwa na mtoto mchanga. Mwaka 1965 aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kigari chenye fremu ya alumini kinachokunjwa kuwa kama fimbo, chenye uzito wa kilo 2.7 hivi, na mwaka 1967 vikaanza kuuzwa. Ukikiangalia kwa macho ya fundi unauona undugu wake na miguu ya ndege: mabomba yanayokatizana mfano wa herufi X, bawaba chache, na komeo linalofanya kitu chembamba kiwe imara kikinyooshwa na kijikusanye kikilegezwa. Vya siku hizi huwa na kilo kati ya 3 na nusu na 6 hivi, kwa sababu vimeongezewa kiti kinacholala, paa la kivuli, mikanda na makomeo. Kwa maoni yangu uzito mwingi ulioongezwa ni wa halali. Usiogope kilo moja ya ziada ikiwa imekwenda kwenye magurudumu.

Juu ya magurudumu nitakaa kidogo, maana hapa Kigoma ndipo kigari kinapopona au kinapofia. Gurudumu likikutana na jiwe, nguvu ya kulivusha haiongezeki taratibu kadiri jiwe linavyokua, bali hupanda kwa kasi kadiri kimo cha jiwe kinavyokaribia nusu ya kimo cha gurudumu. Chukua gurudumu la sentimita 13, ambalo ni la kawaida kwenye vigari hivi, ulisukume moja kwa moja dhidi ya jiwe la sentimita 3: utahitaji nguvu inayozidi uzito uliolalia gurudumu hilo kwa zaidi ya nusu. Gurudumu la sentimita 18 mbele ya jiwe lile lile litahitaji nguvu inayozidi uzito huo kwa kama sehemu moja tu ya nane. Ndiyo sababu kigari chenye magurudumu madogo hukwama ghafla na mtoto akarushwa mbele kwenye mkanda, wakati chenye magurudumu makubwa kidogo tu hupita kikitikisika. Ukiwa na magurudumu madogo, jifunze kuikandamiza mishikio chini kidogo ili pembe za mbele ziinuke kabla hazijafika kwenye jiwe, lakini ujue kwamba kuanzia stesheni ya reli kupanda hadi Mwanga utafanya hivyo mara nyingi kuliko unavyopenda.

Ukubwa si jambo pekee. Magurudumu pacha hunasa kokoto na matope ya udongo mwekundu. Gurudumu moja moja kila pembe hunasa kwa nadra zaidi. Magurudumu ya mbele yanayozunguka pande zote ni raha kubwa kwenye lami na katikati ya watu sokoni, ila kwenye njia ya changarawe huanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa mbuzi, kwa hiyo hakikisha kuna kifungo cha kuyazuia yaelekee mbele tu, na ukitumie. Kuhusu tairi, plastiki ngumu hupiga kelele na huteleza kwenye lami iliyolowa, povu gumu ni jepesi na halipasuki kwa miiba ijapokuwa huliwa na changarawe, na mpira mzito hudumu. Tairi za upepo ni nzuri lakini karibu hazipatikani kwenye kigari cha mwavuli. Mimi huchagua povu gumu lenye ganda zito, tena hulibonyeza kwa kucha: kucha ikizama kirahisi, halitamaliza masika mawili.

Sasa twende kwenye kukunja. Mbebe mtoto wako kwa mkono mmoja, kisha ujaribu kukikunja kigari kwa mkono wa pili na mguu, kisha ukiinue kwa ule mkono ulio huru na utembee hatua ishirini. Kama hukuja na mtoto, chukua mfuko wa sembe wa kilo 10. Kigari kinachotaka mikono miwili, magoti, na msaada wa kondakta kimekosa sababu ya kuwa kigari cha mwavuli, hata kama kina kilo 3. Angalia pia kama kikikunjwa hubaki kimekunjwa. Kuna kinachofunguka chenyewe ukikishika vibaya, na kwenye hiace iliyojaa hutapata wa kukusamehe.

Makomeo yawe mawili: moja la kukaza fremu na jingine la akiba litakalozuia kigari kisijikunje ikiwa la kwanza litaachia. Uyasikie yakilia, kisha uivute fremu juu kwa nguvu uone kama inatikisika. Bawaba za pembeni ndizo sehemu ya kuogopwa. Mwaka 2009 kampuni yenye jina la yule Maclaren iliviita virekebishwe vigari vyake karibu milioni moja nchini Marekani ili wenye navyo wapewe vifuniko vya bawaba, baada ya kuripotiwa visa 12 vya watoto kukatwa ncha za vidole wakati kigari kinafunguliwa. Vigari vilivyoletwa kwetu kwa njia ya mtumba vinaweza kuwa vya miaka hiyo bila vifuniko hivyo. Kifaa chenyewe ni kipande cha kitambaa kigumu tu, na fundi cherehani anaweza kukutengenezea. Hata hivyo kanuni ya nyumbani ibaki kuwa kigari hufunguliwa na kukunjwa mtoto akiwa mbali nacho, na akiwa na kaka zake, nao wakae mbali.

Mji wetu uko kwenye miteremko inayoelekea ziwani, na hilo linaifanya breki kuwa jambo zito kuliko ilivyo Tabora kwenye tambarare. Weka kilo 15 za sembe kwenye kiti, kipandishe kigari kwenye mteremko, kanyaga breki, na usubiri. Breki iliyounganishwa kwa kipande kimoja cha chuma, unayokanyaga mara moja ikafunga magurudumu yote mawili ya nyuma, ni bora kuliko ile ya kukanyaga kila upande, kwa sababu upande mmoja hutokea ukasahaulika. Huwa nashona kitanzi cha mkanda kwenye mshikio mmoja ili mama akivae kwenye kiganja anapoteremka. Wengine hukicheka mpaka siku wanapopokea simu huku wakiteremka.

Jambo jingine kuhusu mishikio: ikiwa miwili iliyotengana, huwezi kukiongoza kigari kwa mkono mmoja, na kwa hiyo hutashika mwavuli wala kapu. Mtu hapo huona suluhisho ni kukitundika kikapu cha dagaa kwenye mshikio. Mtoto akiwa amekaa, uzito wake husawazisha. Ukimtoa, kigari huanguka chali, na mzigo ukizidi hata akiwa amekaa, kama hukumfunga vizuri huenda akaanguka nacho. Kama kuna kikapu cha chini, tumia hicho. Kama hakuna, mzigo uwe mgongoni mwako.

Kwa mtoto mchanga jibu langu ni fupi: kigari cha mwavuli chenye kiti cha wima si chake. Chini ya miezi 6 shingo na mgongo havijakomaa kukaa hivyo, na hata baada ya hapo subiri mpaka akae mwenyewe bila kuegemezwa. Vipo vichache vinavyolala karibu tambarare, vinavyoandikwa na mtengenezaji kwamba vinafaa tangu kuzaliwa. Kabla hajaweza kukaa mwenyewe mbeleko inamfaa zaidi, tena uso wake uonekane na pua iwe wazi. Kuhusu uzito wa juu wa mtoto, vigari vingi vimeandikwa mwisho kilo 15, vingine kilo 22; soma maandishi yaliyoshonwa kwenye kitambaa, usikisie.

Mkanda uwe wa ncha tano, yaani vipande viwili mabegani, viwili kiunoni na kimoja katikati ya miguu. Hicho cha katikati ndicho kinachokosekana mara nyingi kwenye mtumba, na bila hicho mtoto aliyesinzia huteleza chini mpaka mkanda wa kiunoni umfikie shingoni. Msikibadilishe kwa kamba ya katani. Mkanda mpana wa begi, ukishonwa mara mbili na kupitishwa chini ya kiti hadi kwenye fremu, unatosha.

Kuhusu jua, nimeona kina mama wanaofunika kigari chote kwa kanga ili mtoto alale. Nia ni njema, lakini hewa ndani husimama na joto hupanda haraka, na aliye nje halihisi. Tafuta paa refu lenye dirisha la wavu nyuma, na kiti cha rangi isiyo nyeusi.

Kwenye safari, umbo ndilo huamua. Kigari cha mwavuli kikikunjwa huwa chembamba lakini kirefu, kama mita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo hulala vizuri nyuma ya kiti cha bajaji na chini ya kiti cha basi. Kwenye bodaboda msipande nacho mkiwa na mtoto. Treni ndiyo rafiki yake mkubwa: kwenye safari ya takriban kilomita 1,250 hadi Dar es Salaam, katika chumba cha daraja la pili chenye vitanda 6, husukumwa chini ya kitanda cha chini bila kumbughudhi mtu, na treni inaposimama Tabora kwa muda hushushwa ili mtoto anyooshwe kidogo jukwaani. Ndege ni habari nyingine. Urefu ule hauingii kwenye makabati ya juu ya ndege za propela, kwa hiyo kitachukuliwa na kuwekwa kwenye mizigo; kikunje, kifunge kwa mpira wa baiskeli, kitie ndani ya kiroba, na uandike jina. Anayeruka mara kwa mara kwenye ndege kubwa afikirie vile vinavyokunjwa kuwa kama begi, mfano Yoyo (zamani Babyzen Yoyo) yenye vipimo vya sentimita 52 kwa 44 kwa 18, yenye kilo 6 hivi. Ni vizuri, ila bei yake ni kubwa, bawaba zake ni nyingi, na vipuri vyake sijawahi kuvipata hapa mjini.

Ukinunua mtumba, kigeuze juu chini kwanza. Tafuta nyufa ndogo kwenye alumini karibu na riveti, kwa sababu alumini iliyochanika haichomelewi vizuri na mashine zetu nyingi za mtaani. Zungusha kila gurudumu ulisikilize. Plastiki ya makomeo ikiwa imepauka na kuwa kama chaki, jua limeshaila, kirudishe.

Baada ya hapo kazi yako ni kusafisha tu. Juzi nililetewa kigari ambacho bibi wa mtoto alikuwa amekipaka mawese kwenye bawaba zote ili zisilie. Mawese yalikusanya vumbi la kiangazi chote, yakaganda kama ugali mweusi, na komeo la akiba halikuwa linafika mwisho wake. “Lakini mjukuu wangu, baiskeli ya babu yenu tuliipaka haya haya,” akaniambia. Nilikaa mchana kutwa na brashi na mafuta ya taa. Baada ya kuzikausha bawaba nilizisugua kwa kipande cha mshumaa, kidogo sana, nikaufuta uliozidi, nikakifungua na kukikunja mara kumi mbele yake, kisha nikampa ule mshumaa uliobaki aende nao.