Nafasi ya uzamivu Uswidi: masomo ambayo ni ajira

Mtu akisema anasoma uzamivu (PhD), kwetu swali linalofuata ni nani anamlipia. Uswidi, mara nyingi anayemlipa ni chuo chenyewe, maana kimemwajiri. Nafasi ya uzamivu huko ni kazi yenye mkataba, mshahara wa kila mwezi unaokatwa kodi, likizo ya mwaka na ya uzazi. Na kazi yenyewe ni kufanya utafiti hadi utetee tasnifu. Ada hakuna, hata kwa anayetoka nje ya Ulaya.

Masomo ni ya miaka 4 kamili. Lakini idara inaweza kukupangia kufundisha na shughuli nyingine hadi asilimia 20 ya muda wako, na muda huo unafidiwa, ndiyo maana wengi hufika mwaka wa 5. Mkataba wa kwanza hauzidi mwaka 1, kisha huongezwa kwa vipindi visivyozidi miaka 2. Usishtuke ukipewa karatasi ya mwaka mmoja. Kanuni ndivyo zinavyotaka.

Katika bayoinfomatiki, yaani uchambuzi wa data za kibiolojia kwa kompyuta, na fani za jirani zake, uwanja umepanuka. Mwaka 2020 Wakfu wa Knut na Alice Wallenberg ulitangaza krona bilioni 3.1 kwa mpango wa miaka 12 wa sayansi ya uhai inayotegemea data, ukiratibiwa na SciLifeLab, kituo cha taifa chenye mizizi Stockholm na Uppsala. Sehemu ya fedha hizo ni mishahara ya watafiti wa uzamivu.

Sasa tangazo lenyewe la nafasi, maana hapa ndipo waombaji wengi wazuri wanapopotea. Mara nyingi halikuombi mada yako. Mradi upo, msimamizi yupo, na fedha zimeshatengwa. Litasema, kwa mfano, kwamba atakayeajiriwa atachambua RNA (molekuli zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi) ya seli mojamoja kutoka kwenye uvimbe wa saratani, na awe anajua Python au R, lugha za kuandikia programu za kompyuta. Ukituma pendekezo la kurasa kumi kuhusu malaria, hata liwe bora kiasi gani, umejibu swali ambalo hujaulizwa. Barua ieleze data ulizowahi kushika: zilikuwa na ukubwa gani, uliandika programu ipi kuzisafisha, ulikwama wapi na ukajinasua vipi. Mtu wa biolojia asiyejua takwimu vizuri, au wa kompyuta ambaye jeni ni jambo geni kwake, aseme hivyo waziwazi na aonyeshe ameanza kujifunza nini. Kwa maoni yangu aya moja ya namna hiyo ina uzito kuliko orodha ndefu ya vyeti.

Uzamivu huu usichanganywe na ule tuliouzoea kupitia Sida, shirika la Uswidi la misaada ya maendeleo, ambapo wahadhiri wa Makerere, Dar es Salaam au Muhimbili waligawa muda wao kati ya nyumbani na Uswidi. Wale walibaki kuwa waajiriwa wa vyuo vyao. Mwenye nafasi hii ni mwajiriwa wa chuo cha Uswidi, anaishi huko, na ameshindana na waombaji wa dunia nzima.

Kigezo cha kawaida ni shahada ya uzamili. Hakikisha pia tarehe ya mwisho na namba ya kumbukumbu ya tangazo. Maombi hupitia mfumo wa chuo, na barua pepe kwa profesa haihesabiwi kuwa maombi.