Kwa nini sabufa za magari huungua: yanayosemwa vijiweni Dodoma na ukweli wake

Sabufa hufa hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto: koili, ule waya mwembamba uliosukwa nyuma ya koni, huungua varnishi yake, mizunguko yake ikagusana au ikakatika. Ya pili ni mwendo: koni husukumwa mbali kuliko uwezo wake, kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia kwa nyuma kikachanika, au koili ikagonga bamba la sumaku na kupinda. Ukisikia ushauri wowote kuhusu muziki wa gari, uulize maswali hayo mawili: jambo hili linaongeza joto? Linaongeza mwendo?

Na joto ni jingi kuliko wengi wanavyodhani. Ukiipa sabufa ya kawaida wati 500, zisizozidi 10 ndizo zinazogeuka mdundo. Zilizobaki zote zinapasha koili.

"Amplifaya ilikuwa kubwa mno, ndiyo iliyoua spika"

Wakati mwingine ni kweli, ila mara nyingi kosa si ukubwa. Amplifaya ya wati 800 iliyotulizwa inaweza kuishi miaka na sabufa ya wati 500. Ya wati 400 inayokamuliwa hadi mwisho inaweza kuiua sabufa ya wati 400 kwa jioni moja.

Sababu ni hii. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake, haiwezi kupandisha volti tena, kwa hiyo wimbi la sauti linakatwa kichwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa kabisa hubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo kilekile. Zile wati 400 zinakaribia 800, huku koili ikikosa nafasi ya kupumua kati ya mdundo na mdundo. Wimbo wenye besi inayovutwa muda mrefu huzidisha tatizo.

Lipo na kosa la upande wa pili: wapo wanaoamini kwamba amplifaya ndogo huua spika kwa "kuinyima umeme". Umeme mdogo hauunguzi chochote. Amplifaya ya wati 100 hata ikikwaruza, bado iko mbali na kuichoma sabufa ya wati 500 za kweli.

"Imeandikwa wati 3000"

Tafuta herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo kifaa kinabeba mfululizo. Namba kubwa ya kwenye kasha ni ya kupamba. Kama RMS haipo, angalia fyuzi za amplifaya yenyewe: jumlisha ampea, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.75. Fyuzi moja ya 30 ni kama wati 310, hata kama ubavuni pameandikwa 3000. Mbili za 30 ni kama wati 620. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinakuonyesha kwa dakika moja unauziwa nini.

"Geini ni kitufe cha sauti, ifungulie yote"

Hapa ndipo sabufa nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Geini haiongezi uwezo wa amplifaya. Kazi yake ni kulinganisha umeme mdogo unaotoka kwenye redio na mlango wa amplifaya. Ukiifungulia yote, amplifaya inafika mwisho wake redio ikiwa bado, tuseme, namba 15 kati ya 40, na kila namba unayopanda baada ya hapo ni ya kukata wimbi.

Unahitaji mita ya kawaida ya fundi umeme na mlio wa kupimia wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kimo kamili, uliowekwa kwenye flashi. Washa injini. Chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya. Zima nyongeza ya besi, rudisha treble na besi za redio kwenye sifuri, shusha geini hadi mwisho. Weka redio robo tatu ya sauti yake (kama mwisho ni 40, weka 30), maana redio nyingi zenyewe huanza kukata wimbi zikivuka hapo. Weka mita kwenye volti za AC, gusisha matundu ya spika ya amplifaya, kisha pandisha geini taratibu hadi ufikie namba yako.

Namba hiyo ni kipeuo cha pili cha wati mara omu (ukinzani wa sabufa). Wati 250 kwa omu 2 ni volti 22.4. Wati 300 kwa omu 4 ni 34.6. Wati 500 kwa omu 2 ni 31.6, na kwa omu 4 ni 44.7. Tumia RMS iliyo ndogo kati ya sabufa na amplifaya. Ukichukua ya sabufa wakati amplifaya ni dhaifu, mita itakupa namba nzuri juu ya wimbi lililokwisha kukatwa, kwa sababu mita ya kawaida haioni umbo la wimbi.

Ukimaliza, usiivuke ile robo tatu. Abiria asiguse.

"Ongeza kidogo tu kile kitufe cha besi"

Desibeli 3 ni wati mara mbili. Desibeli 6 ni mara nne. Desibeli 12, ambayo ndiyo mwisho wa vitufe vingi, ni kama mara kumi na sita. Ni amplifaya chache zenye akiba hiyo. Kiache sifuri.

"Umeme ukipungua, funga kapasita"

Taa zinapepesa kila mdundo ukipiga, mtu anauziwa kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) ya faradi moja. Hesabu yake: volti zikishuka kutoka 13.8 hadi 12, kapasita hiyo inatoa juli 23 hivi. Amplifaya inayovuta wati 1000 inazimaliza kwa sekunde 0.023. Baada ya hapo inakuwa mzigo mwingine wa kuchajiwa.

Tatizo kwa kawaida liko kwenye waya. Kuna mafundi wanaovuta waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba kutoka betri hadi buti. Kwa mita 5, ampea 60 zikipita, waya huo unapoteza zaidi ya volti 2 njiani (na unaweza kuyeyuka). Waya wa shaba wa milimita 21 za mraba, ule unaoitwa namba 4, unapoteza robo ya volti. Angalia pia usiuziwe alumini iliyopakwa shaba: kwangua ncha, ikiwa nyeupe ndani, jua kwamba inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hivyo panda saizi moja.

Amplifaya nyingi hupoteza nguvu volti zikishuka. Kwenye volti 11.5, zile wati 500 za volti 13.8 zinabaki kama 350. Dereva anasikia mdundo umepungua, anapandisha sauti, wimbi linakatwa. Weka mita kwenye matundu ya umeme ya amplifaya muziki ukipiga: ikisoma zaidi ya nusu volti chini ya betri, kagua waya na eathi. Eathi iwe nene kama waya wa betri, fupi, ifungwe kwa bolti kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi. Fyuzi kuu isikae mbali na betri kuliko sentimita 45.

Kwa malori ya volti 24 yanayopakia mahindi Kibaigwa, kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili kunaua betri zote: moja inaishiwa chaji, nyingine inazidishiwa. Tumia kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, na kumbuka kigeuzi cha ampea 30 kinatoa wati 400 hivi tu, kwa redio na amplifaya kwa pamoja.

"Boksi ni boksi"

Hapa ndipo mwendo unapoua. Boksi lenye tundu husaidia koni hadi hezi lililopangiwa, tuseme 35. Chini ya hapo hewa haishikilii tena chochote, koni inaruka ovyo hata kwa wati chache. Amplifaya yako ikiwa na kichujio kilichoandikwa *subsonic*, kinachokata besi za chini mno, kiweke hezi 28 hadi 30 kwa boksi kama hilo. Isipokuwa nacho, boksi lililozibwa ni salama zaidi. Kichujio cha kukata sauti za juu, *LPF*, kikae karibu na hezi 80.

Boksi lililozibwa la inchi 12 mara nyingi huhitaji lita 28 hadi 35, la tundu 50 hadi 65, lakini karatasi ya sabufa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Ubao uwe milimita 18. Kiangazi cha Dodoma hukausha viungo vikafunguka. Pitisha mkono kwenye kona wakati mdundo unapiga: ukihisi hewa, ziba kwa silikoni.

"Vumbi na jua letu ndivyo vinavyoua"

Lawama hii imezidishwa. Sabufa iliyofungwa kawaida ina sumaku ndani ya boksi, vumbi halifiki kwenye koili. Linafika ukiigeuza sumaku nje kwa ajili ya mapambo, kwa sababu tundu la kupumulia liko nyuma ya sumaku. Anayepita kila siku barabara za vumbi za Bahi au Chamwino asifanye hivyo. Anayeumia kweli ni amplifaya chini ya siti ya Noah: mapezi yake yakijaa vumbi, joto halitoki. Kiangazi, isafishe kwa brashi kavu kila mwezi.

"Koili mbili? Unga moja, inatosha"

Sabufa nyingine zina koili mbili. Ukiunga moja, hiyo moja inabeba joto lote na uwezo wa sabufa unabaki nusu. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 2, zikifuatana ni 8. Ukiongeza sabufa ya pili kama hiyo na kuunga zote sambamba unafika omu 1, na amplifaya iliyoandikwa mwisho omu 2 itajizima au kuungua.

"Imenyamaza, basi imekufa"

Pima kabla ya kulipia kusukwa upya. Chomoa waya, weka mita kwenye omu. Koili nzima ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8. Isiposoma kitu, angalia kwanza zile nyuzi laini zinazokwenda kwenye koni: zikikatika, huungwa kwa risasi na sabufa inarudi. Kisha sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza au kunusa kama varnishi iliyoungua, koili imekwenda. Ukisuka upya, dai waya wa unene uleule na gundi inayostahimili joto, na upime omu mbele ya fundi kabla hajafunika kifuniko cha katikati.