Tatizo si window: tunayoyaamini Mbeya kuhusu kompyuta na mtandao wa nyumbani

Mvua za Machi zilizopita mama mmoja kutoka Iyunga aliingia kwenye kibanda changu cha ufundi wa kompyuta Mwanjelwa akiwa ameeleka kompyuta kwa kitenge, kama mtoto. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anafungua fundo. "Mwanangu, hii imepigwa window mara mbili mwezi huu na intaneti bado inagoma. Wewe ipige ile window yenyewe." Kupiga window ni kufuta kompyuta na kuiwekea Windows upya.

Niliichomeka, nikaiwasha, nikatazama kona ya chini ya kioo upande wa kulia. Tarehe 1 Januari 2009. Sikuwa na haja ya kutafuta zaidi.

"Kompyuta ikisumbua, dawa ni kupiga window"

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, imekaa kwenye bodi kuu. Ni ya volti 3 na kwa kawaida imeandikwa CR2032: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Kazi yake ni kutunza saa wakati mashine haina umeme. Sasa, mashine nyingi tunazonunua hapa ni za mtumba, zilishachapa kazi miaka huko zilikotoka. Juu ya hapo kila usiku tunachomoa waya ukutani, kwa hiyo betri ndiyo inabeba mzigo hadi asubuhi. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani.

Tarehe inaingilianaje na intaneti? Tovuti ya benki, barua pepe, karibu kila tovuti siku hizi, ikifunguka hukionyesha kivinjari cheti chake cha usalama. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 inakitazama cheti cha mwaka huu na kukiona hakijaanza kutumika, inakataa. Kioo kinajaa maonyo, mwenye mashine anasema mtandao mbovu, fundi anapiga window. Akimaliza anairekebisha saa kwa mkono, tovuti zinafunguka, analipwa, anaondoka. Waya ukichomolewa usiku, asubuhi tuko tena 2009.

Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe, nikachomoa waya na kuurudisha mara tatu mbele ya macho yake. Betri ile haifiki bei ya chipsi kuku. Kilichomuuma yule mama si pesa alizokwisha kutoa. Ni picha za mumewe marehemu, zilizokuwa kwenye diski na zikafutwa katika ile window ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza kama ana vitu vya kuhifadhi.

Kupiga window kuna mahali pake: mafaili ya Windows yakiharibiwa na virusi, au umeme ukikatika katikati ya sasisho mashine ikashindwa kuwaka tena. Lakini hakutibu betri, hakutibu RAM (kumbukumbu ya muda) iliyolegea, wala hakutibu diski iliyochoka. Kompyuta inayochukua dakika tano kuwaka, mara nyingi shida ni ile diski ya kuzunguka, yenye sahani na mkono wa kusomea ndani. Ikisoma faili moja refu kwa mfululizo inafika megabaiti 100 na ushee kwa sekunde. Windows inapowaka, hata hivyo, husoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika, mkono unahangaika huku na huko, na kasi inaporomoka. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka. Ile ya waya wa SATA inafika kama megabaiti 500 kwa sekunde, na vipande vilivyotawanyika haviisumbui hivyo. Mteja akiwa na bajeti ya kitu kimoja tu, kwa mashine ya zamani namwambia SSD.

"Waifai imejaa, kwa hiyo intaneti ipo"

Ile mistari inakuonyesha kompyuta yako inaisikia ruta vizuri kiasi gani, basi. Ruta inaweza kuwa mezani hapo hapo, mistari imejaa yote, na waya unaoleta intaneti umekatwa na wachimba mtaro mtaa wa tatu. Njia ina vituo vinne: kompyuta, ruta, kampuni inayokuuzia huduma, halafu dunia nzima. Kabla ya kumpigia mtu simu ya lawama, tafuta mzigo umekwama kituo gani.

Kwenye Windows andika cmd pale pa kutafutia, kisanduku cheusi kifunguke, kisha andika ipconfig. Tazama mstari wa IPv4. Ukiona namba inayoanza na 192.168 (ruta chache hutumia 10), ruta imekupa anwani, mko pamoja. Ukiona 169.254, ruta haikukupa kitu na kompyuta imejipachika namba yenyewe. Hapo shida iko ndani ya nyumba yako, usiitafute kwingine. Kama anwani ni nzuri, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Ikijibu, intaneti ipo na unalalamika bure. Halafu andika ping google.com. Namba ikijibu na jina likigoma, ujue kilichopotea ni daftari la majina, wanaloliita DNS: njia iko wazi ila kompyuta haijui google.com anaishi namba gani. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uandike DNS kwa mkono, 8.8.8.8 au 1.1.1.1, mara nyingi mambo yanarudi. Usipopenda kisanduku cheusi, washa hotspot ya simu uunganishe kompyuta humo. Tovuti zikifunguka, kompyuta ni nzima, geukia ruta.

Na kuna siku kosa linakuwa kituo cha nne kabisa. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazopita pwani ya mashariki ya Afrika zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota Tanzania nzima. Jumatatu yake nilipokea ruta za kutosha kufungua duka. Zote zilikuwa nzima.

Zote isipokuwa moja, ya mwalimu mmoja wa Uyole, na hiyo aliiharibu yeye. Alisikia kwamba ruta ikigoma "unairestati", akachukua sindano akabonyeza kile kitundu cha nyuma sekunde kumi. Hapo watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kuzima ruta, kusubiri nusu dakika na kuiwasha si ushirikina: kumbukumbu yake inasafishika, inaomba anwani upya kwa kampuni, inaanza safari bila uchovu. Kitundu kinafanya kazi nyingine kabisa. Kinafuta kila kitu ulichoandika humo: jina la waifai, nenosiri, na kwa huduma nyingi za waya hata jina la mteja na nenosiri ambalo kampuni ilikuingizia fundi wao alipokuja. Mwalimu alikaa siku nne akisubiri aletewe. Kitundu ni cha mwisho, na ni baada ya kupiga picha kila ukurasa wa mipangilio.

"Nilizima swichi ukutani, radi haikunipata"

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu yakishaushukia mlima Loleza, ruta zinanifikia zimeungua kama mahindi ya barabarani. Swali langu ni lile lile, na jibu ni lile lile: "Mbona swichi nilizima, fundi?"

Swichi ikizimwa inaacha mwanya wa milimita chache. Radi imetoka mawinguni kilomita kadhaa ikipasua hewa, milimita zako haizihesabu. Tena swichi nyingi za soketi hukata waya mmoja tu, mwingine unabaki umeshikana na nguzo. Wala haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini ya umeme mbali, au hata ardhi ya jirani, inasukuma umeme wa ghafla kwenye nyaya zote zilizo karibu. Kinga ya kweli ni kuchomoa plagi, na kuichomoa mapema. Usisubiri ngurumo iwe juu ya bati ndipo ukashike waya.

Wenye faiba wana jeuri yao: faiba ni kioo, haipitishi umeme. Ni kweli, uzi wenyewe haupitishi. Ila adapta ya ruta inapitisha, na waya wa mtandao kutoka kwenye ruta kwenda kwenye kompyuta ni shaba tupu. Niliitwa nyumba moja maeneo ya Forest ambako mwenye nyumba alichomoa adapta ya ruta kama anavyotakiwa, akaacha televisheni imeunganishwa na dishi upande mmoja na ruta upande wa pili. Radi ilishuka kwa dishi, ikapita kwenye televisheni, ikafuata waya wa mtandao, ikamaliza vyote viwili. Chomoa vyote, au umefanya nusu ya kazi.

Stabilaiza nayo si kinga ya radi, kazi yake ni kupandisha na kushusha umeme unaoyumba taratibu. Laptop nyingi hata haziihitaji: soma kibandiko cha adapta, utakuta 100-240V, maana yake umeme ukishuka jioni hadi taa zikawa nyekundu, yenyewe haina habari. Mashine ya mezani ya zamani ndiyo ya kuangalia. Nyuma, karibu na tundu la waya, inaweza kuwa na swichi nyekundu ndogo ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani huja imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa 230 utasikia mlio mmoja, na harufu.

Kuna hili pia, la watu kuniletea kompyuta "ina shoti" kwa sababu ukigusa bati lake ukiwa pekupeku linakutekenya. Bodi haina kosa. Ndani ya pawa saplai kuna vipande vinavyomwaga umeme kidogo sana kwenye kava, ili upelekwe ardhini kupitia ile pini ndefu ya plagi. Waya wa plagi ya pini mbili, au nyumba ambayo fundi umeme hakuzika fimbo ya ethi, umeme huo unakosa pa kwenda na unapita kwako. Hata fimbo ikiwepo, kiangazi cha Septemba udongo umekauka kama tofali na ethi inakuwa ya jina tu. Muite fundi umeme aipime.

Ya vijiweni

Kubofya kulia na kuchagua refresh mara ishirini hakuongezi kasi. Kinachorefreshiwa ni picha za vialama kwenye kioo, kwisha. Hata mafundi wanafanya, nadhani ni kama kutafuna kijiti.

Waifai iliyoandikwa 5G mwishoni mwa jina haina uhusiano na 5G ya minara ya simu. Hiyo ni gigahezi 5, mawimbi ya ruta yako mwenyewe. Yana kasi kuliko ya gigahezi 2.4 ila yanachoka upesi kwenye kuta, na kuta zetu za matofali ya kuchoma si za mchezo. Ukikaa sebuleni na ruta, tumia 5. Chumba cha uani, tumia 2.4. Kama kuna ukuta wa bati katikati usitegemee yoyote, vuta waya: wa Cat5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hausikii mvua.

Kuficha jina la waifai hakumzuii mwizi, programu za bure zinaliona. Kwenye ulinzi wa waifai weka WPA2 au WPA3 na nenosiri refu, si namba ya simu yako ambayo mtaa mzima unayo.

Kifurushi cha 20 Mbps si megabaiti 20. Hizo ni megabiti, na baiti moja ina biti 8, kwa hiyo unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde mambo yakienda vizuri. Faili la gigabaiti 1 litachukua karibu dakika 7. Hujaibiwa.

Na bando likiisha usiku mmoja, kabla ya kumshuku jirani tazama Windows yenyewe. Masasisho yake yanaweza kuvuta gigabaiti kadhaa wewe umelala. Kwenye mipangilio ya mtandao huo iambie kwamba unalipia kwa kipimo, itatulia.

La mwisho nalisikia zaidi Juni na Julai, watu wamejifunika makoti: "Kompyuta ya Mbeya haiwezi kupata joto." Tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, asubuhi mikono inakufa ganzi, lakini prosesa, ule ubongo wa kompyuta, haijui. Inachojua ni hewa inayopitishwa na feni yake. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Dar, inabeba joto kidogo kuliko ile, na vumbi la kiangazi likiziba mapezi ya kupoozea prosesa inapanda hadi nyuzi 90 na kitu. Ikifika hapo inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, na wewe unasema imezeeka. Zima, chomoa, fungua, tumia brashi laini ya rangi, na ushikilie feni kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza. Mwezi uliopita nilifungua ya jamaa mwenye mashine ya kusaga hapa hapa mtaa wa Soweto, analalamika inazimika kila saa sita mchana. Halikuwa vumbi. Ulikuwa unga, sembe safi kabisa, tukauweka kwenye gazeti na ulitosha uji wa mtu mmoja.